Mabawabu wa Seli

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi na walimu wa baiolojia. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Walimu wenzangu, wanafunzi wangu, wazazi mliokubali kuketi nasi alasiri hii, hamjambo?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipewa tone la damu, nikaambiwa nilizimue kwa maji ya chumvi kisha nilitazame kwenye hadubini. Mezani palikuwa na chupa mbili zinazofanana. Nikachukua isiyo yenyewe: maji matupu, hayana hata chembe ya chumvi. Mwanzoni ule mchanganyiko ndani ya mrija wa kioo ulikuwa mwekundu na mzito, huoni ng'ambo. Nikainama kuandika tarehe daftarini. Nilipoinua macho, wekundu ulikuwa palepale lakini uzito umetoweka. Nikaliweka daftari nyuma ya mrija, nikausoma mwandiko wangu kupitia kwenye damu. Kwenye hadubini sikuona seli, niliona vivuli tu vya seli. Zilikuwa zimefura na kupasuka.

Mwalimu wangu hakunigombeza. Aliniuliza: "Maji yameingiaje?"

Nikajibu haraka kama mwanafunzi yeyote, kwamba maji hufuata chumvi. Akasema, "Hapo umenieleza kwa nini yameingia. Mimi nimekuuliza yameingiaje."

Ndugu zangu, swali hilo sijalitua mpaka leo, na ndilo nililowaletea. Maji yameingiaje? Na si maji tu. Sukari huingiaje? Chumvi hutokaje? Habari kwamba umeshtuka, kwamba umeshiba, kwamba kuna hatari, hupenyaje hadi ndani ya seli? Kwa sababu seli imejifunika mafuta, na mafuta na maji ni mahasimu wa tangu na tangu.

Tumelijuaje hilo la mafuta? Mwaka 1925, Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walichukua seli nyekundu za damu, wakayanyonya mafuta yake yote, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka la molekuli moja tu. Kisha wakapima eneo lake na kulilinganisha na eneo la ngozi za zile seli walizoanza nazo. Yale mafuta yalikuwa yanatosha kuzifunika mara mbili. Basi utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, kila molekuli ya mafuta ikiwa na kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia: mikia imeelekeana katikati mbali na maji, vichwa vimetazama maji ya nje na ya ndani ya seli. Unene wake ni kama nanomita 5, na nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Ukitaka kufikia unene wa karatasi moja ya daftari, panga tando kama hizo 20,000, moja juu ya nyingine.

Utando mwembamba hivyo, lakini kwa ioni ya sodiamu, yaani atomi ya sodiamu yenye chaji ya umeme, ni kama ukuta wa jiwe. Oksijeni hupita yenyewe, kabonidioksaidi hupita yenyewe. Glukosi haipiti. Ioni hazipiti. Maji hupenya kwa shida na kwa kusitasita. Seli yenye mafuta peke yake ingekuwa nyumba isiyo na mlango, na aliye ndani ya nyumba isiyo na mlango amezikwa.

Milango ni protini. Na mimi siziiti milango tu, naziita mabawabu, kwa sababu mlango humpitisha yeyote, lakini bawabu anachagua. Takriban robo ya jeni zetu zipo kwa ajili ya kutengeneza protini za kukaa kwenye tando. Robo nzima! Mwili haugharamii kitu kiasi hicho bila sababu.

Sasa tazameni jinsi bawabu anavyoukalia mlango. Protini ni mnyororo wa asidi amino, nazo ziko aina 20. Nyingine hupenda maji, nyingine huyakimbia. Mnyororo unapokuwa na asidi amino kama 20 mfululizo za aina inayokimbia maji, kipande hicho hujisokota kama springi na kuzama kwenye mafuta, kikastarehe humo. Kwa nini 20? Pigeni hesabu nami. Kila asidi amino moja huirefusha springi kwa nanomita 0.15. Zidisha kwa 20, unapata nanomita 3. Na nanomita 3 ndio unene wa lile eneo la mafuta matupu katikati ya utando. Springi inatosha kutoka ukingo hadi ukingo, haipungui wala haizidi. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza kwa kalamu yangu mwenyewe niliacha kuandika kwa muda. Mpaka sasa, nikiifundisha, huwa natua kidogo hapo.

Protini nyingine huvuka utando mara moja, nyingine mara saba, nyingine mara kumi na mbili. Kwenye utando wa nje wa bakteria wengi utakuta nyingine hazina springi, zimejiviringa kama pipa lenye tundu katikati. Kuna zisizovuka kabisa bali hushikamana na utando kwa ndani, kama ule wavu wa protini iitwayo spektrini ulio chini ya ngozi ya seli nyekundu ya damu, unaoiwezesha kujiminya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe na kurudia umbo lake, siku baada ya siku, kwa siku kama 120.

Wala msidhani zimepigiliwa misumari. Mwaka 1970, Frye na Edidin waliunganisha seli ya binadamu na seli ya panya zikawa seli moja. Protini za upande mmoja walizipa rangi ya kijani, za upande wa pili nyekundu. Mwanzoni seli ilikuwa nusu kwa nusu, kijani huku, nyekundu kule. Baada ya dakika 40 katika joto la mwili, rangi zilikuwa zimechanganyika kote. Walipoipoza, mchanganyiko ule ulikwama. Miaka miwili baadaye, Singer na Nicolson wakatuachia picha tunayoitumia hadi leo: utando ni bahari ya mafuta, na protini zinaelea ndani yake.

Sasa turudi kwa lile swali. Maji yameingiaje?

Katika miaka ya 1980, daktari wa Kimarekani, Peter Agre, alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Alitaka protini ya seli nyekundu inayohusika na kundi la damu la Rh. Kila alipoisafisha, ilimjia pamoja na protini nyingine ndogo asiyoihitaji. Wengi tungeitupa kama uchafu. Yeye alishangaa jinsi ilivyokuwa nyingi. Kwenye seli nyekundu moja tu kulikuwa na nakala kama 200,000, na kwenye mirija ya figo ilijaa tele. Kitu kisicho na kazi hakiwekwi mara 200,000. Mwenzake mmoja, mtaalamu wa damu, ndiye aliyemdokezea: je, haiwezekani huo ndio mlango wa maji ambao watu wameutafuta miaka yote?

Jaribio alilolifanya na wenzake, lililochapishwa mwaka 1992, ni la ajabu kwa wepesi wake. Walichukua mayai ya chura. Yai la chura hukaa kwenye maji baridi ya dimbwi bila kufura, maana utando wake karibu hauruhusu maji kabisa. Baadhi ya mayai wakayadunga maelekezo ya kijeni ya kutengeneza ile protini, mengine wakayaacha. Wakasubiri protini ijengeke, wakayatia yote kwenye maji yenye chumvi haba. Yasiyodungwa yalitulia. Yaliyodungwa yalifura yakapasuka ndani ya dakika chache, mbele ya macho yao.

Mnaona, wanafunzi wangu? Ni lile lile lililotokea kwenye mrija wangu. Damu ile ilipasuka kwa kasi ile kwa sababu kila seli ilikuwa na milango 200,000 ya maji, yote wazi.

Protini hiyo ikaitwa akwaporini. Mlango mmoja hupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde. Pahali pembamba zaidi ni nanomita 0.28, upana wa molekuli moja ya maji, kwa hiyo maji hupita kwa foleni, moja baada ya moja. Jambo linalonigusa zaidi ni lile lisilopita. Kwa kawaida protoni, yaani ioni za haidrojeni zinazoleta asidi, hurukaruka kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine kama uvumi unavyopita kwenye foleni ya watu. Kama akwaporini ingeacha uvumi huo upite, seli ingepoteza tofauti ya asidi kati ya ndani na nje, na hapo nguvu zake zingevuja zote. Katikati ya mfereji kuna asidi amino zinazoikamata kila molekuli ya maji na kuigeuza, mnyororo wa foleni ukakatika, na chaji chanya zimewekwa hapo kuzifukuza protoni. Maji bilioni 3 yapite, protoni hata moja isipite. Nani kati yetu amewahi kuwa na bawabu wa namna hiyo?

Figo zako zinachuja takriban lita 180 kwa siku, nawe unatoa lita moja au mbili tu za mkojo. Maji mengine yote yanarudi mwilini, sehemu kubwa kupitia milango hii. Usiku ubongo unapotoa homoni ya kubana mkojo, seli za figo huchukua akwaporini zilizohifadhiwa ndani na kuzipandisha kwenye utando. Wapo wanaozaliwa na hitilafu kwenye akwaporini hiyo ya figo. Hao huamka usiku kucha kwenda haja, na kiu yao haiishi.

Mwaka 2003 Agre alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Roderick MacKinnon, naye MacKinnon alitatua fumbo ambalo mimi naliona gumu zaidi. Kuna mlango wa potasiamu. Unapitisha ioni za potasiamu karibu milioni 100 kwa sekunde, na unaikataa sodiamu, kiasi kwamba katika potasiamu 10,000 huenda ikaponyoka sodiamu moja. Lakini sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu! Tundu gani humpitisha mkubwa likamzuia mdogo? Mwaka 1998 MacKinnon alionyesha umbo lake. Ioni ikiwa majini hutembea imekumbatiwa na molekuli za maji, na ili ipite lazima iyavue. Kuyavua maji hayo kuna gharama. Ndani ya mlango zimepangwa atomi za oksijeni zinazoikumbatia potasiamu sawasawa na yale maji iliyoyavua, hivyo haikosi kitu. Sodiamu ikiingia, kwa udogo wake, haizifikii zile oksijeni pande zote. Inaona bora ibaki nje na maji yake. Hakuna aliyeisukuma. Ni umbo tu.

Sasa twende kwa pampu, na hapa nitawaomba subira kidogo maana hadithi hii inanipeleka mahali.

Jens Skou alikuwa daktari nchini Denmark aliyetaka kujua dawa za ganzi zinafanyaje kazi. Akachukua neva za miguu ya kaa, akazisaga, akabakiwa na vipande vya utando. Humo akakuta kimeng'enya kinachovunja ATP, molekuli inayoipa seli nishati, lakini kinafanya bidii tu pale sodiamu na potasiamu zinapokuwepo pamoja. Alichapisha mwaka 1957. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Pampu hiyo hufanya kazi kama mlango wenye bawaba. Hufunguka kwa ndani, ikapokea sodiamu tatu. ATP huikabidhi fosfeti, nayo protini nzima ikajipinda, ikafunguka kwa nje na kuziachia zile tatu. Papo hapo hupokea potasiamu mbili, fosfeti ikadondoka, ikajipinda tena kuelekea ndani. Tatu nje, mbili ndani. Tatu nje, mbili ndani. Mmekaa hapa mnanisikiliza, na takriban moja ya tano ya nishati mnayoitumia mkiwa mmetulia inaishia hapo.

Kwa faida gani? Sodiamu ikirundikana nje, inatamani kurudi ndani, na hamu hiyo ni akiba. Kwenye utumbo mdogo kuna kibebaji, yaani protini inayovusha vitu kwenye utando, kinachoitumia akiba hiyo. Sodiamu mbili zinaporudi ndani, kibebaji hulazimisha glukosi moja ifuatane nazo. Sodiamu na glukosi zikiingia, maji nayo huzifuata. Robert Crane alilieleza wazo la safari hiyo ya pamoja mwaka 1960.

Sasa mfikirieni mgonjwa wa kipindupindu. Sumu ya bakteria haitoboi utumbo, haichomi, haikati. Inachofanya ni kuulazimisha mlango mmoja wa kloridi, protini iitwayo CFTR, ubaki wazi usifungike. Kloridi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanafuata. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku. Na hayo ni ya mlango mmoja uliokataa kufungwa.

Lakini kile kibebaji cha sodiamu na glukosi, katika seli zilezile za utumbo, sumu haikukigusa! Bado kinafanya kazi. Mpe mgonjwa chumvi peke yake, haisaidii kitu. Mpe sukari peke yake, haisaidii. Mpe vyote viwili kwenye maji kwa kipimo, kibebaji kitaviokota na maji yatarudi.

Mwaka 1971, vita vilipowakimbiza mamilioni ya watu kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kituo cha wakimbizi huko Bangaon, India. Wagonjwa walilala sakafuni kwa wingi, maji ya kutundikia mishipani yakawa yanaisha. Akaamua kuchanganya maji, chumvi, glukosi na magadi, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wagonjwa wao kwa vikombe. Vifo vilikuwa vikifikia 30 katika kila wagonjwa 100. Vilishuka hadi chini ya 4. Wazazi mlioko hapa, kila mliponywesha mtoto dawa ya chumvi na sukari, mlikuwa mnakitegemea kibebaji hicho.

Kuhusu vipokezi nitapita mbio, si kwa kuwa havina uzito, bali kwa kuwa vinastahili siku yao. Hao ni mabawabu wanaopokea ujumbe bila kumwingiza mjumbe. Adrenalini haiingii kwenye seli ya moyo. Inagusa protini kwa nje, protini hiyo yenye springi saba inajinyonga kidogo, na upande wa ndani umbo linabadilika kiasi cha kuamsha protini nyingine. Lefkowitz na Kobilka walituzwa Nobel mwaka 2012 kwa kulieleza hilo. Takriban theluthi moja ya dawa zinazoandikiwa wagonjwa hufanya kazi kwa kugusa familia hiyo ya vipokezi.

Nimalizie kwa kuirudia CFTR, ule mlango wa kloridi. Tumeona balaa lake ukikataa kufungwa. Je, usipokuwepo kabisa?

Huko Ulaya ya zamani watu walisema mtoto ambaye ukimbusu kwenye paji la uso unaonja chumvi, hataishi. Hawakujua sababu. Leo tunauita ugonjwa huo sistiki faibrosisi. Kwenye tezi za jasho, CFTR ndiyo inayorudisha kloridi mwilini kabla jasho halijatoka. Isipokuwepo, chumvi inatoka na jasho. Na kwenye mapafu, bila mlango huo, makamasi huwa mazito na kunata, bakteria wakaweka makazi, na kifua kikaharibika mwaka hadi mwaka.

Jeni yake ilipatikana mwaka 1989. CFTR ni mnyororo wa asidi amino 1,480. Kwa wagonjwa walio wengi imepungua moja tu, fenilalanini ya nafasi ya 508. Moja katika 1,480! Tena protini hiyo pungufu si kwamba haiwezi kazi. Ikifika kwenye utando inaweza kufunguka kiasi. Tatizo ni kwamba haifiki. Inajikunja vibaya, wakaguzi wa ndani ya seli wanaiona ina kasoro, wanaivunjavunja kabla haijapanda. Bawabu ameajiriwa, ameumbwa, akazuiliwa njiani.

Ndiyo maana wanasayansi walitafuta dawa ya namna ya pekee, isiyoua kijidudu wala kuziba kitu, bali inayoishika protini iliyolegea na kuisaidia ikunjike vizuri ili ifike mahali pake. Mwaka 2012 ilitangulia ivakaftori, kwa wale ambao mlango wao unafika lakini haufunguki. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa tatu: mbili za kuifikisha protini kwenye utando, na ya tatu ni ileile ivakaftori, ya kuifungua ikishafika. Ni dawa za kila siku, na bei yake bado ni mlima ambao familia nyingi haziwezi kuupanda. Hilo linaniuma na sitalificha.

Madaktari wanapotaka kujua kama dawa imefanya kazi, kipimo kimojawapo ni kukusanya jasho la mkono na kupima kloridi. Mgonjwa akiwa ametumia dawa kwa majuma machache tu, kloridi hushuka, kwa wengine hadi karibu na ya mtu mwenye afya. Maana yake mabawabu wamefika. Mzazi akimbusu mtoto huyo kwenye paji la uso, ile chumvi haipo tena midomoni mwake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali.